Ada ya Semeni na Wanawake wa Mitaa Miwili

Mwaka 1955 Semeni binti Idarusi alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na cheti cha uuguzi kilichotundikwa ukutani kwa bibi yake, mtaa wa Chumbageni. Cheti hicho kilimpa kazi hospitalini, lakini yeye alitamani zaidi. Alitaka kusomea tiba ya viungo: kumsimamisha mtoto aliyepooza mguu, na kuvifungua vidole vilivyokakamaa.

Hamu hiyo aliipata kwa bibi huyo, Bibi Mwatumu, mkandaji aliyejulikana hadi Pangani. Tangu utotoni Semeni alimshikia chupa ya mafuta ya nazi. Aliona wengi wakipona, na aliona pia walioondoka vilevile walivyokuja. Mmoja wao alikuwa Ernesti, mfanyakazi wa shamba la mkonge aliyepondwa mkono na mashine. Bibi alimkanda miezi mitatu, vikafunguka vidole viwili tu.

"Ujuzi wangu umeishia hapa," bibi alimwambia Semeni. "Vilivyobaki vinamtaka mtu aliyesoma."

Shule za tiba hiyo zilikuwa mbili. Ya Nairobi ingegharimiwa yote na serikali, ila mwanafunzi alitia saini kufanya kazi miaka mitano popote atakapopelekwa. Ya Mombasa haikumfunga mtu. Ukimaliza unarudi kwenu. Lakini ada na chakula vilikuwa shilingi mia tano kwa mwaka, kwa miaka miwili. Semeni alikuwa na akiba ya mia nne na arobaini, na jibu lilitakiwa Nairobi kabla ya Agosti kwisha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mbona umenuna kama uliyepewa talaka?"

"Nairobi ni bure, bibi. Lakini wakinipeleka Songea miaka mitano, nani atakupokea kazi? Mikono yako imeanza kutetemeka."

"Mikono inatetemeka, bangili hazitetemeki. Chukua hizi, uziuze."

"Siuzi. Ukienda harusini mikono mitupu, watu watasema mke mwenzio amekuibia."

Bibi alicheka hadi akafuta machozi, lakini pengo lilibaki palepale: shilingi mia tano na sitini.

Habari zilimfikia Bi Sabiha, shangazi yake Semeni, kiongozi wa chama cha Chumbageni cha lelemama, ngoma ya wanawake. Wanawake wa chama chake walikuwa wamechanga mia mbili na themanini kununua sare za Idi kubwa, siku ambayo wangecheza mbele ya mahasimu wao wa mtaa wa Mabawa. Bi Sabiha aliwaita, wakajadiliana tangu adhuhuri hadi alasiri, wakakubaliana kumpa Semeni fedha zote. Wangecheza na kanga za mwaka jana.

"Ila ufunge mdomo, Sabiha," Bibi Mwatumu alimwonya. "Mabawa wakijua, watatuimba mwaka mzima."

"Wallahi sisemi."

Siku ya Idi Mabawa waliingia uwanjani na kanga mpya, nyekundu, bado zinanukia duka. Kiongozi wao, Bi Mwanaidi, aliwatazama wenzake wa Chumbageni kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Jamani, poleni! Mmevalia gizani, au panya wamekula sare?"

Wanawake wa Mabawa wakapiga vigelegele. Bi Sabiha akavumilia, akavumilia, kisha akapanda juu ya benchi.

"Sare zetu zinakwenda shule Mombasa! Tumemlipia binti yetu mia mbili na themanini. Nyinyi mmevaa, sisi tunasomesha!"

Bibi Mwatumu alijifunika uso kwa kanga. Kwa desturi ya ngoma hizo, upande mmoja ukitangaza ulichotoa, wa pili hujibu kwa kilicho sawa au zaidi kabla ngoma haijavunjika. La sivyo huaibika hadi Idi nyingine. Bi Mwanaidi aliwakusanya wenzake kando. Sinia likapita, watu wakafungua mafundo ya kanga, wengine wakakimbilia nyumbani.

"Mia tatu!" alitangaza akihema. "Na sare tumevaa! Ila akirudi, mgonjwa wake wa kwanza atoke Mabawa."

Semeni, aliyekuwa amesimama pembeni na bibi yake, alihesabu kichwani, akahesabu tena kwa vidole. Ada ilikuwa imetimia, na shilingi ishirini za nauli juu yake. Kesho yake aliandika Nairobi barua ya shukrani na ya kukataa.

"Nilipanga yote yale," Bi Sabiha alijisifu baadaye.

"Ulipanga nini?" bibi alimjibu. "Ulishindwa kufunga mdomo."

Mwanzoni mwa mwaka 1958 Semeni alirudi na cheti cha pili. Asubuhi ya kwanza Bi Mwanaidi alifika na goti lake lililochoshwa na ngoma, akamkuta Bi Sabiha ameketi barazani tangu alfajiri, na lake limevimba.

"Makubaliano ni mgonjwa wa Mabawa!"

"Shangazi hapangi foleni!"

Semeni alitandika mikeka miwili, akawalaza pamoja. "Inueni mguu polepole, mara kumi."

Walifika kumi, wakaendelea hadi kumi na tano.

"Inatosha, mama zangu! Mtaumia."

"Mwambie huyu aache kwanza," Bi Mwanaidi alisema huku jasho likimtiririka.

Mlangoni, Ernesti alikuwa amekaa na mkono wake mapajani, akingoja zamu. Alianza kuwahesabia kwa sauti.