Shubiri ya Fundi Ezekia

Fundi Ezekia wa Mafinga hakumwamini mtu, na hilo nalisema nikimpenda. Mimi nauza chai na chapati mbele ya karakana yake, namwona tangu anapofungua mpaka anapofunga. Ukimpa noti aliiinua juani aichungulie. Ukimletea mbao za paini alizinusa, akakuambia umezilowesha. Hata futi kamba za dukani hakuziamini. "Chukua mbili uzilinganishe," alisema, "zikikubaliana uje unitukane." Yeye alipima kwa shubiri, tangu ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho, kama alivyofundishwa na baba yake enzi za kupasua mbao kwa msumeno wa watu wawili. Mkono wake, alisema, haukutengenezwa kiwandani.

Alimwamini mtu mmoja tu: Anord, mdogo wa mkewe Benedicta. Walipofungua karakana pamoja, Ezekia alilaza mkono juu ya fimbo ya mti mgumu, akahesabu shubiri nne, akaikata na kumkabidhi shemeji yake. Kazi ikagawanyika hivyo. Anord alikata fremu kwa ile fimbo, Ezekia alitengeneza milango kwa mkono wake. Fremu ingeweza kutangulia kwa waashi, mlango ukafuata baada ya mwezi, na bado vikakutana vizuri. Watu walitoka hadi Nyololo kufuata milango ya wale mashemeji.

Kisha milango ikaanza kubana. Mwanzoni ilikuwa kidogo tu, kupitisha randa kulitosha. Ezekia aliwalaumu wauza mbao: paini mbichi, imevimba kwa mvua. Akabadilisha muuzaji, akabadilisha tena, akagombana na wote wawili, na milango ikazidi kubana.

Wakati huohuo yeye mwenyewe alikuwa anabadilika. Taya lilitokeza, meno ya chini yakaachana, pua ikapanuka, sauti ikawa nzito ya kutisha watoto. Alinunua viatu vikubwa, na baada ya muda vikubwa zaidi. Wateja wangu walishamaliza kesi bila yeye kuwapo: kaingia Frimasoni. Niliwauliza, Frimasoni gani huyu anayekula chapati ya jana? Hawakuacha kunong'ona.

Benedicta naye alikuwa na lake. Pete ya ndoa ilikuwa imetoweka kidoleni mwa mumewe.

"Mama Gloria," aliniambia, "mwanaume akivua pete, kuna anayemvulia. Huyu ana mtu Nyololo."

Nikamwambia lisemwalo lipo. Ushahidi sikuwa nao, lakini katika mambo hayo nani huwa nao?

Ndipo usharika wetu ukajenga ukumbi. Fremu za Anord zilikuwa zimeshajengewa ukutani na rangi imeshapakwa, Ezekia akaleta milango. Hakuna hata mmoja ulioingia. Na si kubana kwa kuondolewa na randa. Ukiipunguza kwa kiasi kile unakata ubao wa pembeni mpaka kwenye maungio. Wazee wa usharika walikuwa wamesimama pale wanatazama. Ezekia akaomba ile fimbo, akailaza juu ya mlango, akautembeza mkono wake juu yake. Shubiri ya nne ikaipita fimbo, kidole cha mwisho kikabaki hewani.

"Imekatwa," alisema.

"Nani aikate, shemeji?" Anord aliuliza. "Si ndiyo hiyohiyo?"

"Kikulacho ki nguoni mwako! Umekuwa ukiipunguza kidogokidogo ili niaibike, halafu ukafungue karakana yako."

Akawaonyesha wazee jinsi ncha ya fimbo ilivyong'aa. Iling'aa kwa kushikwashikwa miaka yote ile, lakini ukishamshuku mtu, kila kitu kinakuletea ushahidi. Hakuna aliyewahi kuipima fimbo ile kwa futi kamba ilipokuwa mpya. Shahidi alikuwa mkono wa Ezekia peke yake, na mkono wa fundi nani aubishie? Wazee wakamtazama Anord, naye akaona wanavyomtazama. Alimpa dada yake funguo za karakana, akaondoka.

Nilikasirika, na hasira ile ninayo mpaka leo. Kumwita mtu msaliti mbele ya usharika ni kumzika akiwa anapumua. Kila karakana aliyobisha hodi, walikuwa wameshasikia habari ya fundi anayekata kipimo cha mwenzake. Hakuna aliyemkabidhi msumeno. Akaishia Chimala, anabeba magunia kwenye mashine ya mpunga. Benedicta alikuja kwangu asubuhi, hanywi chai, anazungusha kikombe tu. "Nimempoteza mdogo wangu," alisema, "kwa ajili ya mwanaume asiyevaa pete."

Ezekia akaendelea peke yake, na kichwa kikimuuma. Akapimwa sukari, ikakutwa juu. Akapewa vidonge, sukari haikushuka, naye akasema vidonge ni feki. Akaanza kugonga vitu vilivyo pembeni yake. Vikombe vyangu viwili alivivunja kwa kiwiko huku akiapa havikuwepo. Benedicta ndiye aliyemburuta hadi hospitali kubwa Mbeya. Ninavyomjua, nusu alimpeleka atibiwe, nusu alitaka kusikia anachoficha.

Waliyemkuta ni daktari kijana, Ambokile. Hakukimbilia vidonge. Aliishika ile mikono, akaigeuza, akauliza Ezekia alipooa alivaa kiatu namba ngapi. Kisha akauliza pete iko wapi.

Ezekia akainama. "Haiingii," alisema. "Iko kwenye kopo la misumari. Nilidhani nimerogwa, daktari, sikutaka mke wangu ajue."

Benedicta aliniambia alitafuta pa kuiweka hasira yake ya miaka miwili, akapakosa.

Damu ikapimwa, kichwa kikapigwa picha, wakaitwa tena.

"Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya harage," daktari alieleza. "Yako imeota uvimbe. Si saratani, ila unamwaga homoni ya ukuaji bila breki. Homoni hiyo ikifika kwenye ini, ini nalo linatoa nyingine, ambayo kwa umbo inafanana na insulini. Hiyo ya pili ndiyo inayoviambia mifupa na nyama vikue. Sote tunayo. Mtoto akiikosa anabaki mfupi hata umlishe nini. Mtu mzima ikimzidi, kurefuka hawezi tena, kwa hiyo anapanuka: mikono, miguu, taya, mpaka moyo. Sukari nayo inapanda. Na huo uvimbe wenyewe unabana mishipa ya macho."

"Umeanza lini?" Benedicta aliuliza.

"Miaka mingi, mama. Unakwenda taratibu. Mnaonana kila siku, mngeonaje?"

Ezekia hakuuliza kama atakufa. Aliuliza, "Na shubiri, daktari? Shubiri nayo inaongezeka?"

"Mkono wote ukipanuka, itaachaje?"

Benedicta akaangua kilio palepale. Daktari alidhani analia kwa ajili ya mumewe, akamfariji kwamba kuna upasuaji, Dar, wanapitia puani, na wengi wanapona.

Wakiwa njiani kurudi, waliteremka Chimala. Yaliyotokea huko nimesimuliwa na Benedicta, kisha na Ezekia kwa wakati wake. Nilikuwa natafuta mahali watakapotofautiana, sikupaona. Walimkuta Anord nje ya mashine, pumba zimemjaa kichwani. Alimwamkia dada yake, "Kamwene," kisha akamtazama Ezekia.

Ezekia akaunyosha mkono mbele yake. "Shemeji, haikuwa fimbo," alisema. "Ni huu. Ni ugonjwa, umekuwa ukiukuza mkono. Daktari amenionyesha kwenye picha."

Anord aliutazama mkono ule. "Unatibika?"

"Wanasema unatibika."

"Mungu ashukuriwe. Nilisikia unaumwa, nilikuwa nakuombea."

Ezekia akapata nguvu. "Basi twende nyumbani. Jumapili nitasimama mbele ya usharika mzima. Nitawaambia daktari amepima, fimbo haikukatwa, wewe huna kosa."

Anord alijipangusa pumba usoni kwa kiganja.

"Na daktari asingeona kitu, shemeji," aliuliza, "mimi ningekuwa nani?"

Ezekia akaushusha mkono wake. Anord akasubiri kidogo, kwa adabu, kama mtu anayempa mgeni nafasi ya kumaliza kusema. Kisha akamwambia dada yake amjulishe siku ya upasuaji, aje kukaa naye hospitalini, akarudi kwenye magunia.