Mama Asahihisha Ukuta wa Ofisi

Leo mama yangu amesahihisha ofisi nzima, tena kwa kalamu yao.

Tulienda Thika kubadilisha kitambulisho chake. Cha zamani kina alama ya kidole. Siku hizi anasoma ngumbaru, darasa la watu wazima, na anataka kipya kiwe na sahihi yake.

Masaa manne kwenye benchi. Karani anakunywa chai, anasema sistimu imelala.

Mimi nachemka. Mama anasoma matangazo ukutani, herufi moja moja, midomo ikicheza.

Mwishowe tukaitwa. Karani, bila hata kumtazama, akamsukumia wino.

"Weka kidole, shosho," akasema, kama wanavyoitwa bibi wote huku.

"Lete kalamu."

Akaandika jina lake polepole, mpaka foleni ikaguna. Kisha hakuirudisha kalamu.

"Ile karatasi ukutani mmeandika 'tafadhari subiri'. Mwalimu wetu anasema ni l, si r."

(Sisi huku tunazitamka zote sawa, lakini karatasi haina lafudhi.)

Karani akainamisha kichwa. "Ni mimi niliandika, shosho."

"Basi shika kalamu, urekebishe."

Akarekebisha.

Tukirudi Ruiru nikaanza kulalamika juu ya yale masaa manne.

"Kwani yalikuwa manne?" mama akauliza. "Mimi nilikuwa nasoma."