Mikaratusi Yangu ya Gorong'a

Kwa miaka mingi nimekana kwamba mikaratusi yangu inakunywa maji ya watu. Nimekana msibani, nimekana harusini, na mara moja nilikana mlangoni pa kanisa huku mchungaji akitabasamu. Leo nakiri: inakunywa, tena kwa bidii kuliko mimi ninavyofanya kazi. Ndiyo iliyonitoa nyumbani kwangu Bomani, mjini Tarime, baada ya wifi yangu Bhoke kunitumia ujumbe: "Njoo uone chemchemi yetu. Uje na ndoo yako."

Asubuhi nilipanda bodaboda kuelekea Gorong'a. Mkobani nilikuwa na sera ya taifa ya misitu, ambayo nimeiandikia makala kadhaa za kuisifu. Malengo yake nayajua kama sala: misitu itupe mbao na kuni bila kwisha, iwape watu kazi na kipato, ilinde viumbe, udongo na vyanzo vya maji, na wananchi washiriki kuitunza. Nilipanga kujitetea kwa mbao na kipato, nikiomba Mungu asitokee wa kunikumbusha maji.

Gorong'a, ng'ombe wakielekea malishoni, kaka yangu Chacha alinipokea langoni.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Bibi Misitu. Umetuletea mvua au makala?"

Bhoke hakucheka. Alinishusha bondeni, pale nilipopanda mikaratusi kwa sababu palikuwa pabichi kuliko kote. Chemchemi niliyochota utotoni ilikuwa tope lenye nyayo za ndama. Siku hizi anavuka kilima kufuata maji.

"Wifi, mimi sisemi uikate," alisema. "Nasema tu, mimi na miti yako tunagombea kikombe kimoja, na yenyewe ina mizizi."

Kwetu Wakurya shamba la baba ni la wavulana, binti huolewa. Mimi niliolewa, ndoa ikanishinda, nikarudi na digrii yangu na masanduku mawili. Baba akanionyesha lile bonde, akasema, "Panda." Kwetu aliyepanda mti ana neno juu ya pale uliposimama. Mikaratusi ile ndiyo pekee inayosema kwamba pale nami ni kwetu. Hilo halimo kwenye sera, nimelitafuta.

Kesho yake nilipitia Mugumu hadi Ringwani, wilayani Serengeti, alikoolewa mdogo wangu Rhobi. Nilikwenda kutafuta huruma.

"Msomi amefika," Rhobi aliwatangazia kuku wake. "Mmoja wenu ajitolee."

Baada ya ugali na huyo aliyejitolea, alinipeleka kwenye chemchemi ya kijiji. Mikuyu imeizunguka, na uzio wa miiba unazuia ng'ombe. Wanawake walikuwa wakichota na kusengenya bila haraka. Mikaratusi nayo ipo, ila juu kabisa, kwenye mwinuko wa mawe.

"Nani aliamua hivi?"

"Mkutano wa kijiji. Tuligombana siku nzima! Nguzo tunazitaka, maji tunayataka. Mwisho tukaona kila kimoja kina mahali pake."

Malengo yote niliyoyasifu kwenye makala yalikuwa mbele yangu, yamejipanga mlimani, bila msaada wangu.

"Sasa nikiikata," nilimwambia, "nitabaki na nini pale nyumbani?"

Rhobi aliacha utani. "Dada, leo wewe una miti na Bhoke hana maji. Anzia hapo."

Niliporudi Bomani nilimpigia Chacha kabla sijavua viatu, maana nikivivua ningeanza kuandika makala. "Ikate yote," nikasema. Akajibu, "Haya," basi. Wiki zikapita kimya. Nikajifunza kwamba sera ni rahisi kuipenda ikiwa inahusu msitu wa mwingine. Nikajifunza pia kuota niko bondeni na hakuna anayenijua.

Juzi nikiwa sokoni, simu iliita. Chacha.

"Tumemaliza. Nguzo nimezirundika, Bhoke ameshachagua za jiko lake. Rhobi naye ametuma miche ya mikuyu. Unakuja lini?"

"Kaka, si uipande tu wewe? Uko hapo hapo."

"Mimi?" Alikasirika kweli. "Nikipanda mimi, pale patakuwa pangu. Njoo upande mwenyewe!"