Alhamisi Ambayo Haijafika

Dada yangu ni fundi cherehani, wa nguo za kike na sare za shule. Mimi ndiye niliyemfuata kuzaliwa, na mengi ninayoyajua niliyajulia chini ya meza yake ya kukatia vitambaa. Ana mkono mwepesi. Anatunga uzi kwenye sindano huku anakutazama usoni.

Alipougua, alianza kusikia wateja wakimsengenya ilhali kibanda ni kitupu. Akawa anawajibu. Akapigilia madirisha misumari. Mumewe ni dereva wa lori, wiki tatu njiani, wiki moja nyumbani. Aliporudi alimchukua binti yao wa miaka minne, tunayemwita Kifungo, akampeleka kwa dada yake, nyumba ya pili. Huyo ndiye wifi wa dada yangu. Siku alipompokea mtoto, alimvua gauni aliloshonewa na mama yake, akamvalisha la dukani.

Hospitali kubwa walikuwa wanafanya utafiti juu ya ugonjwa huo, dada akaandikishwa. Alilazwa ndani ya mashine inayogonga kama bati, ikapiga picha ubongo wake huku anasikilizishwa maneno. Daktari wa utafiti, mwanamke mdogo mwenye miwani, alitueleza taratibu. Kila mtu huongea kimoyomoyo, na ubongo wake hutambua kwamba anayeongea ni yeye mwenyewe. Kwa baadhi ya wagonjwa, walidhani wao, utambuzi huo unateleza, na wazo lako linakufikia kama sauti ya jirani. Dawa hutuliza, ila walitaka kujua ni kiasi gani kinatosha bila kumuumiza mtu.

Dada akafikiri, kisha akauliza, "Kwa hiyo aliyekuwa ananisengenya ni mimi?"

Daktari akacheka, na dada akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka kwa miezi.

Utafiti ulikuwa na utaratibu wake. Ndugu anayeishi karibu alipewa daftari lenye tarehe zilizochapwa, na kila asubuhi alitakiwa amwone mgonjwa akimeza kidonge, aandike amelalaje na kama bado anasikia sauti. Mimi nilikuwa na kichanga cha wiki mbili, sikuweza. Wifi akajitolea. Shemeji naye akatoa neno lake: daftari likionyesha wiki nane safi, Kifungo anarudi kwa mama yake.

Hazikuwa safi. Kila alfajiri wifi alipita dirishani, akauliza, "Umemeza?", akaenda zake sokoni kwenye biashara yake. Lakini kila Ijumaa, likisomwa hospitalini, daftari lilisema hakulala, anabishana na ukuta. Dada aliapa kwamba sauti zimekwisha. Daktari alimjibu kwa upole kuwa wengi huficha, akaongeza dawa. Akaongeza tena. Mikono ikaanza kutetemeka. Nilimhesabia dada yangu mara kumi na moja akilitafuta tundu la sindano, kisha akaiweka mezani na kunigeuzia mgongo. Wateja wakaanza kuja kuchukua vitambaa vyao.

Jumamosi moja dada alikwenda kumwona Kifungo. Wifi alikuwa uani anaanua nguo, na daftari lilikuwa wazi mezani, kalamu juu yake. Lilikuwa limejazwa mpaka Ijumaa ijayo. Mwenzetu alikuwa na haraka zake, kwa hiyo wiki nzima aliimaliza kwa mkao mmoja, kabla haijafika.

Dada aliponieleza, nilitaka nibebe mwanangu mgongoni niende nikamnyonyoe nywele. Dada akanikalisha.

"Ukimrukia leo, atalichana daftari, aseme limechanwa na kichaa. Mwache aandike."

Akamwomba daktari awaite wote Jumatatu, maadamu mumewe yupo nyumbani. Hakusema zaidi. Wifi alikuja amejipamba, daftari kwenye mfuko, akijua kitakachosomwa ni wiki iliyopita tu. Ikasomwa. Shemeji akatikisa kichwa kwa masikitiko. Ndipo dada akaongea, kwa sauti ile ile anayoulizia wateja wanataka kola ya namna gani.

"Wifi, hebu funua ukurasa mmoja mbele. Tusomee Alhamisi."

"Alhamisi ipi?"

"Hii inayokuja."

Wifi akasema hakuja na miwani. Daktari akavua yake, akamsogezea. Alipoona haichukuliwi akairudisha machoni, akalivuta daftari na kusoma mwenyewe: Alhamisi, amepiga kelele tangu alfajiri, amemtukana mpita njia. Akainua macho kwenye kalenda ya ukutani.

"Ijumaa naona nimetulia kidogo," dada akasema. "Ahsante, wifi."

Daktari alizikata kurasa zote kwa wino mwekundu. Akamwambia dada, "Niliamini karatasi kuliko wewe. Nisamehe." Dawa ikaanza kupunguzwa siku hiyo hiyo, na kazi ya daftari la hospitali nikapewa mimi.

Kwenye korido shemeji alitunong'oneza kwamba tuyamalizie nyumbani, huyu ni ndugu yake wa tumbo moja. Dada alikubali, akataja masharti mawili. Kifungo arudi kabla jua halijazama. Na wifi aje kila asubuhi kwa wiki nane, aingie ndani, aone, aandike kwenye daftari jipya ambalo dada amelinunua mwenyewe. Asipotaka, ataisoma Alhamisi mbele ya ukoo mzima.

Sasa ni wiki ya sita. Dada anatunga uzi bila kutazama. Wifi akigonga, anafunguliwa baada ya kungoja. Hapewi kiti. Dada anameza kidonge polepole, maji funda moja moja, na mwenzake amesimama na kapu la sokoni mkononi.

Juzi nilikuwepo, nanyonyesha pale pembeni. Wifi aliandika "amelala vizuri, hasikii sauti", akataka kuondoka.

"Bado," dada akasema. "Andika na Kifungo amelala wapi."

Wifi akaandika: kwa mama yake. Chozi likadondokea karatasi. Mimi ni mtu wa huruma, hata kuku akichinjwa natoka nje. Asubuhi ile niliitafuta huruma yangu sikuiona.

Dada akaliinamia daftari, akalikagua kama anavyokagua pindo.

"Hapa pamelowa, maneno hayasomeki," akasema. "Rudia."