Waya Mweusi wa Mwisho

Nakumbuka asubuhi moja kule Guta, mwanangu, na nimeikumbuka tena leo nilipokuona umefungua boneti ya gari lako, waya za kubusti betri ziko begani kama mtu anayekwenda kufunga ng'ombe. Keti kwanza. Butiama haihami, utafika tu. Gari ni lako na safari ni yako, lakini neno hili nisipokupa mimi utapewa na dunia, na dunia haifundishi kwa upole.

Nilikuwa sijamaliza mwaka tangu niolewe. Baba yako, Mafuru, alikuwa anaendesha teksi Musoma, tumepanga chumba mtaa wa Iringo. Tulikwenda kijijini Guta kusalimia wazazi wake kwa gari lake dogo la otomatiki. Jioni ya kufika kwetu vijana wa pale nyumbani waliwasha redio ya gari, wakacheza mpaka wakachoka. Swichi hakuna aliyekumbuka kuizima. Furaha ina usahaulifu wake.

Kulipokucha shangazi yako Nyangeta alishikwa na uchungu. Ndiyo mimba yake ya kwanza, na alikuwa amerudi kwao kujifungulia. Mkunga aliingia, akakaa naye kidogo, akatoka anafuta mikono kwenye kanga. Hakuzungusha maneno. "Mtoto amelala upande," alisema. "Mimi hapa siwezi. Mpelekeni Bunda, hospitali, sasa hivi."

Baba yako alikimbilia gari. Akazungusha ufunguo. Likalia tik, likanyamaza. Akazungusha tena, hata ile tik haikuja. Redio ilikuwa imeimaliza betri usiku kucha.

Gari la otomatiki halisukumwi likawaka, hilo unalijua. Tukabaki tunaliangalia. Ndani ya nyumba Nyangeta analalamika kwa sauti ndogo, na ile sauti ndogo ilinitisha kuliko kama angepiga kelele. Jirani yetu Makuru alikuwa analima shamba la pamba upande wa pili wa njia, akaitwa, akaja na trekta lake. Tukafikiri tumpakie Nyangeta kwenye tela. Mkunga akakataa. "Hilo linaruka kama mbuzi. Mtoto amekaa vibaya, mtawaua wote wawili."

Basi ikabaki betri ya trekta iliamshe gari. Makuru alikuwa na waya chini ya kiti chake, mmoja mwekundu na mmoja mweusi. Baba yako alizinyakua, akachomeka ncha mbili kwenye trekta linalonguruma, halafu akagonganisha zile ncha nyingine aone kama moto upo. Cheche zikaruka. Na Makuru amesimama hapo hapo, sigara mdomoni.

"Weka chini."

Alikuwa babu yako, Mzee Wambura. Hukumkuta, mwanangu, na ninasikitika kwamba hukumkuta. Alikuwa mtu mfupi, mpole, jicho lake la kushoto ni jeupe kama maziwa. Tuliambiwaga alichomwa na mwiba akichunga. Alikuja taratibu kutoka mlangoni, akamwambia Makuru azime trekta na akaitupe sigara mbali.

Sasa hapo mimi nikafanya jambo ambalo mkamwana hafanyi. Kwetu mke wa mtoto hamkaribii baba mkwe, sembuse kumjibu mbele ya watu. Lakini ile sauti ya ndani ilinizidi. Nikasema, "Baba, Nyangeta anakufa mle. Mwacheni aunge tu."

Hakukasirika. Alinigeukia, na ilikuwa mara ya kwanza aniangalie usoni. "Nikimwacha, mama, tutakuwa na wagonjwa wawili na gari halipo. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Jicho hili si mwiba. Ni betri. Nilikuwa kijana, naamsha lori la pamba, nina haraka kama yenu. Waya wa mwisho niliuweka juu ya betri yenyewe, cheche ikaruka, betri ikapasuka usoni. Niliona aibu kusema ni ujinga wangu, nikasema ni mwiba."

Hata baba yako alikuwa anasikia habari hiyo kwa mara ya kwanza.

Babu yako akamtazama baba yako mikono, ikitetemeka. Akatazama yangu. "Njoo wewe," akaniambia. Nikasita. Akasema, "Heshima yako nimeipokea. Leo simama hapa, uwe macho yangu."

Kwanza alinifanya niikague betri yetu kama imepasuka au inavuja. Ilikuwa nzima. "Ingekuwa na ufa tusingeigusa kabisa," alisema. Akamwuliza Makuru betri yake ni volti ngapi. Kumi na mbili, sawa na yetu. Akasema lingekuwa lori lenye ishirini na nne angelirudisha lilikotoka, kwa sababu maksai wawili hawafungwi nira moja na ndama. Tukahakikisha trekta na gari havigusani, gia ziko huru, handibreki zimevutwa, taa na redio zimezimwa. Aliniambia nivue bangili, chuma kisije kikaunganisha kisichotakiwa, na nisiinamishe uso juu ya betri.

"Mwekundu, kwenye chanya ya iliyokufa. Ile yenye alama ya kujumlisha."

Nikaweka.

"Ncha yake ya pili, kwenye chanya ya iliyo hai. Sasa mweusi, kwenye hasi ya hiyo hiyo iliyo hai."

Nikaweka. Ikabaki ncha moja nyeusi mkononi mwangu, na mkono wenyewe ulikuwa unaijua njia: ulikwenda moja kwa moja kwenye hasi ya betri yetu, maana ndipo akili yote inapokutuma.

"Hapana," alisema babu yako kwa upole. "Hapo ndipo nilipoliacha jicho langu. Betri inatoa hewa usiyoiona, na hewa hiyo inashika moto. Huo wa mwisho tafuta chuma kitupu cha injini, mbali na betri."

Nikapata boliti, nikabana. Ikatoa cheche ndogo, mbali na betri, haikudhuru kitu.

Makuru akawasha trekta. Baba yako akaruka ndani ya gari ashike ufunguo, babu yako akamzuia kwa kiganja. Tukasubiri. Mwanangu, kazi yote ya asubuhi ile haikuwa na jambo gumu kama kusubiri kule. Mkunga alichungulia mlangoni, akarudi ndani. Baba yako alikuwa analia waziwazi. Babu yako naye, nilimwona, alikuwa anauma midomo. Yule aliyelala ndani alikuwa binti yake. Lakini alisema tu, "Aliyekauka koo hanyweshwi kwa pupa. Iache inywe."

Halafu akasema, "Jaribu." Likajikokota, likakataa. Akaniambia niangalie pale kwenye boliti, na kweli kulikuwa na kutu. Trekta likazimwa, nikatoa ile ncha, nikakwangua kutu mpaka chuma kikang'aa, nikabana upya. Trekta likawashwa, tukasubiri tena.

Mara hii gari lilikohoa, likawaka.

Nilitaka kuzing'oa waya zote kwa pamoja. Akanishika kwa sauti yake tu: "Toka kwa njia uliyoingilia." Nikaanza na mweusi wa kwenye boliti, halafu mweusi wa trekta, mwekundu wa trekta, na wa mwisho mwekundu wa gari letu. Nyangeta akapakiwa kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani mwangu, baba yako akaendesha mpaka Bunda bila kuzima injini hata tulipofika mlangoni.

Walimpasua. Wakatoa mtoto wa kike, mdogo, mwenye hasira. Ndiye dada yako Wegesa, yule anayekusumbua kwenye simu akitaka umpeleke Mugango kula samaki.

Tuliporudi Guta kutoa habari, babu yako alishukuru Mungu, halafu akaniita. "Nionyeshe mikono yako." Nikanyoosha. Akaitazama muda mrefu kwa lile jicho lake moja. "Mizima," akasema. Tangu siku hiyo aliongea nami kama anavyoongea na watoto wake, na majirani waliosema ni vibaya walizoea.

Basi sikia, mwanangu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na betri kufa si mwisho wa safari. Itakufia siku moja, labda njiani, labda una mgonjwa. Usilihukumu gari na usijihukumu. Kagua kwanza, iliyopasuka au inayovuja usiiguse, mwite fundi. Hakikisha volti zinalingana. Zima kila kitu, sigara iwe mbali. Mwekundu uanze kwa iliyokufa, mweusi wa mwisho uende kwenye chuma cha injini, na kutoka utoke kinyumenyume. Likiwaka usilizime upesi. Na akitokea mtu wa kukuambia "subiri" wakati moyo wako unawaka, msikilize hata kama unamwona anakuchelewesha, kwa maana huenda amelipa bei ya neno hilo na wewe anakupa bure. Siku nyingine utakuwa wewe ndiye wa kulisema. Liseme kwa upole, kama nilivyoambiwa mimi.

Haya, inuka. Mungu akutangulie njia ya Butiama, akurudishe Musoma ukiwa mzima. Akupe macho mawili mpaka uzee wako, na mikono isiyotetemeka siku watu wanapokutegemea. Gari lako liwabebe wagonjwa wakapone, na wazazi warudi nalo wamepakata watoto. Nenda, mwanangu. Nenda na amani.