Kilio Nyuma ya Ukuta wa Shule

Asubuhi ile Kulusum alimfunga Rajab mgongoni, mtoto akiwa bado na joto la kuota meno, akajitwika beseni lake la kabalagala, vile vitumbua vya ndizi anavyouza, akashuka kwenda shuleni huku akimwomba Mungu kitu kimoja tu: mtoto asilie.

Ilikuwa shule ndogo ya serikali, pale Namuwongo chini, karibu na reli. Bati lilikuwa limekula kutu, lakini ukuta ulikuwa na rangi mpya, na juu yake dhamira ya shule imeandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi kubwa za kijani. Kiingereza kile kilimshinda Kulusum. Mjukuu wake Zuleika ndiye aliyemsomea mara nyingi mpaka maneno yakamkaa: kumlea kila mtoto bila kumwacha hata mmoja. Chini yake yalifuata maadili, yaani utu, ukweli, usafi na nidhamu. Kulusum aliyapenda. Kila alipopita pale asubuhi aliyatia katika dua yake, kwa kuwa neno jema ni neno jema, awe ameliandika nani.

Zuleika alikuwa yatima, yeye ndiye aliyemlea. Alipofika darasa la sita, kijana mmoja wa bodaboda akampa mimba, kisha akahama bila kuaga. Kulusum hakumlaani. Alilia, akaswali, mtoto alipozaliwa akampa jina la marehemu mumewe, Rajab. Halafu akavaa gomesi yake nzuri, gauni la heshima, akaenda kwa mwalimu mkuu, Madam Aoko, kumwomba binti arudi shule.

"Haboba," Madam Aoko alimwambia, maana mtaa mzima ulimwita hivyo, bibi, kama Wanubi wanavyowaita bibi zao. "Serikali inasema msichana akishajifungua arudi. Mimi sikatai. Lakini wazazi wananijia hapa wakisema nawafundisha binti zao kuzaa."

"Nakuelewa, Madam."

"Atarudi, aingie darasa la saba, afanye mtihani wake. Ila huyo mtoto nisimwone hapa. Wala nisimsikie. Siku nikimsikia, wanaondoka wote wawili."

"Hutamsikia, Madam. Mungu akipenda."

Alisema hivyo kwa sababu angefanya nini. Rajab mwenyewe alikuwa mkaidi wa ajabu. Kikombe alikikataa, uji aliutema, hata maziwa ya mbuzi aliyageuzia uso. Alitaka titi la mama yake na hakuna kingine. Kwa hiyo wakapanga: kengele ya mapumziko ikilia, Zuleika anapenya kwenye tundu la ukuta nyuma ya vyoo, anamnyonyesha mtoto haraka haraka, anarudi. Saa nyingine zote Kulusum alikaa na beseni lake mbele ya karakana ya Bonny, mchomeleaji, ambaye mashine yake ya kukatia vyuma ililia kutwa. Mle ndani ya kelele ile mtoto aliweza kulia atakavyo.

"Haboba," Bonny alimtania, "Kampala nzima wananitukana kwa kelele. Wewe peke yako unaniombea kazi."

"Kata vyuma, mwanangu. Mungu akuzidishie mageti."

Siku zikaenda hivyo, mtihani ukakaribia. Usiku Zuleika alisoma kwa taa ya simu, mtoto mapajani, na Kulusum akaanza kuthubutu kuamini kwamba watavuka.

Sasa siku ile ya joto la meno wakaja wageni wa idara ya elimu kutoka mjini. Kulikuwa na hema, viti vya kukodi, kipaza sauti. Madam Aoko alimchagua Zuleika awaongoze wenzake kusoma dhamira ya shule mbele ya wageni, kwani sauti yake ilikuwa nzuri na Kiingereza chake kilinyooka. Mapumziko yakafutwa. Hotuba ikafuata hotuba.

Huku nje Rajab alingoja titi lake, halikuja. Kulusum alimbeba, akamtikisa, akamwimbia, akamsomea aya ya Kursiyu sikioni. Mtoto akajikunja, akapiga ukelele. Mashine ya Bonny ikaumeza. Kulusum akaufuta uso wake, akasikia kipaza sauti kikitangaza jina la mjukuu wake, kisha sauti ya Zuleika ikapanda juu ya ukuta, safi, haitetemeki.

Ndipo umeme ukakatika.

Mashine ilikufa. Kipaza sauti kikafa. Mtaa wote ukanyamaza, na katika kimya kile kilio cha Rajab kikabaki peke yake.

"Bonny, washa kitu, gonga hata bati," Kulusum alisema. Bonny akashika nyundo, lakini alikuwa amechelewa. Kulusum alishaanza kukimbia kuelekea relini, magoti yanamuuma, amemfunika mtoto kwa leso. Hakufika mbali. Nyuma yake alisikia wanafunzi wakiendelea kusoma bila kiongozi, kumlea kila mtoto, kisha sauti zikapunguapungua na kukoma.

Geti dogo likafunguka. Zuleika alitoka peke yake. Shati lake jeupe lilikuwa limelowa kifuani kwa maziwa. Hakumtazama mtu. Alikaa chini, mgongo kwenye zile herufi za kijani, akanyoosha mikono.

"Nipe, Haboba."

Kulusum akampa. Kilio kikakatika.

Madam Aoko alisimama getini na mgeni mmoja mwenye koti.

"Huyu ni mwanafunzi wenu?" mgeni aliuliza.

Madam Aoko alimtazama Zuleika, na sare ya shule aliyovaa, akatazama pembeni. "Ni mjukuu wa huyu mama anayeuza kabalagala," alisema.

"Ah. Hawa huzaa mapema," mgeni akasema, na wakarudi ndani kwenye chakula.

Zuleika hakulia. Hilo ndilo lililomtisha Kulusum. Njiani kurudi nyumbani binti alisema neno moja tu, "Basi," na usiku ule hakufungua kitabu.

Kulusum alikesha kwenye mswala. Hakuomba mambo makubwa tena, wala mtihani. Aliomba Zuleika asikate tamaa kabla hajafika getini. Alfajiri akaifua sare, akaikausha kwa pasi ya mkaa, akaiweka mbele ya binti. Zuleika akaivaa.

Mlinzi Ojera aliwaona wakija, akakuna kichwa.

"Madam amesemaje?" Kulusum aliuliza.

"Hajasema asiingie."

"Na amesema aingie?"

"Hilo pia hajasema. Haboba, kazi yangu ni geti tu. Nikiona sare, nafungua."

Akafungua. Zuleika akapita bila kugeuka.

Bonny hakuwa na umeme bado. Kulusum alikaa na beseni lake palepale, Rajab mapajani akiwa amelala, mkono wa bibi juu ya mdomo wa mtoto, tayari, bila kuugusa. Ndani watoto walianza kuisoma dhamira yao ya kila asubuhi. Aliinamisha kichwa, akaitafuta sauti moja katikati ya zile sauti nyingi. Hakuipata. Akaendelea kusikiliza.