Nilimfukuza Golikipa kwa Sababu ya Picha ya Nguruwe

Nilikosa mimi. Si kocha, si wachezaji, si shetani. Ni mimi, na akili zangu timamu, mchana kweupe. Jina nimeficha, lakini mtu wa Malaba akisoma hii atajua ni nani, kwa hivyo hata sijui naficha nini!

Mimi ni mama wa kuuza nyama ya nguruwe, karibu na pale matrela hupanga laini kungoja kuvuka kwenda Uganda. Biashara ilikuwa sawa mpaka mwenzangu mmoja akafungua kibanda mbele yangu na kuanza kuninyang'anya wateja. Nikaanza kutafuta njia ya kujulikana.

Timu yetu ya mtaa ilikuwa inacheza na jezi za mheshimiwa fulani aliyeanguka uchaguzi. Sura yake ilikuwa imebambuka kwa kufuliwa, imebaki pua na meno. Nikamwendea kocha Emase.

"Mwalimu, nitawavalisha wote. Jezi mpya, soksi, mipira, na supu baada ya kila mechi. Mimi nataka kifua cha jezi tu, nitangaze biashara yangu."

Kocha karibu alie.

Nikaenda kwa mtu wa kuchapisha nguo huko Busia. Akanichorea nguruwe mnene, anacheka, ameshika uma! Chini yake, namba yangu ya simu. Jameni, nilivyokuwa najiona!

Siku ya kugawa jezi, golikipa wetu Swaleh alishika yake na vidole viwili. Swaleh ni kijana Mwislamu, kazi yake ni kuziba pancha za matrela, na Malaba nzima ilimpenda. Kumfunga bao ilikuwa shida.

"Asante, mama," akaniambia polepole. "Lakini hii sitaweza kuvaa. Wacha nivae ile yangu ya zamani, nitadaka tu."

"Kwani nguruwe ataruka kutoka kwa kitambaa akuingie mdomoni?"

Wenzake wakacheka. Mimi nikacheka kuwashinda. Mungu anisamehe kicheko kile!

Kocha akasema tubandike plasta juu ya picha. Nikakataa! Nilikuwa nimefikiria vizuri: mpira ukiingia, watu wote wanamwangalia golikipa. Usipoingia, wanamwangalia yeye tena. Kwangu mimi hicho ndicho kifua kizuri kuliko vyote.

"Asiyevaa hachezi," nikasema. "Ama nirudishe jezi zote?"

Wengine walikuwa wameshavaa tayari. Hakuna aliyevua.

Swaleh akavua glavu, akaziweka juu ya mpira. "Asante mama kwa kutufikiria," akasema, akaenda zake. Hata hasira hakuwa nayo! Ningefurahi kama angenitukana.

Nafasi yake nikampa Ojambo, jamaa wa kunikatia nyama. Ojambo ni mpana, nilidhani atajaza goli. Tukaenda kucheza Angurai, tukafungwa saba. Saba! Kila mpira ukimpita, masapota wa huko wanalia kama nguruwe. Na simu yangu ikaanza kuita hata kabla ya mapumziko.

"Halo, hapo ni kwa nguruwe? Tafadhali mwambieni ndugu yenu aruke."

Mwingine alipiga kutoka ng'ambo, Uganda. "Nnyabo, mama, huyo golikipa mnamuuza kwa kilo ama mzima?"

Wueh! Wiki nzima simu haikunyamaza, na hakuna hata mmoja aliyeagiza nyama. Masapota wetu wenyewe walikuwa wanapita mlangoni kwangu wakisema, "Mama, tutakula kwako Swaleh akirudi." Halafu wanaingia kwa yule wa mbele, mimi nikiwaona!

Swaleh hakurudi. Timu moja ya Busia mjini ilimchukua. Timu maskini, jezi zao hazina hata herufi moja. Na si tukakutana nao kwenye mechi ya mtoano! Walikuwa wametufunga moja, dakika zimebaki chache, refa akatupa penalti. Nikapiga magoti kwa nyasi.

Mchezaji wetu akapiga shuti kali kuelekea pembeni. Swaleh akaruka kama mtu aliyetupwa, akautoa mpira kwa ncha za vidole.

Nikajikuta napiga makofi! Mimi, mwenye timu! Masapota wetu wakageuka kuniangalia, na mimi nalia na kupiga makofi, siwezi kuacha.

Mechi ilipoisha nikamfuata.

"Swaleh, nilikukosea. Rudi nyumbani, hiyo picha nitaitoa."

Akavua glavu kwanza. "Mama, mambo ya picha tungeongea tukaelewana. Lakini ulinicheka mbele ya watu ninaokula nao."

Nikajifuta machozi kwa leso.

"Nimekusamehe," akaendelea. "Lakini kurudi, hapana. Nimeshazoea huku. Na huyo Ojambo mwache apumzike, mama. Nimeona vidole vyake vilivyovimba kwa mipira."

Basi ndivyo tulivyotolewa, na msimu ulipoisha tukashuka daraja. Picha niliifunika, nikawashonea kitambaa cheupe juu yake, mwenyewe, jezi moja moja. Wateja wengine wamerudi. Wengine mpaka leo wakinikuta sokoni wananisalimia wakiangalia pembeni.

Wewe mwenye duka, mwenye hoteli, mwenye pombe, mwenye kamari, wewe unayetaka jina lako likimbie uwanjani juu ya migongo ya watoto wa watu, nisikilize mimi niliyeaibika. Kabla hujachapisha, waite wachezaji wote, hata yule ambaye huwa hatoki benchi, uwaonyeshe. Ukiona mmoja amenyamaza, muulize yeye kwanza. Na wakikuambia hapana, usicheke. Kunywa maji, tulia, halafu wapelekee jezi hata hivyo, zisizo na picha.